Milango Inayotazamana

Nyumba ya Ngazi,
mezani jikoni,
Jumapili, tarehe 14 mwezi wa tisa.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu zangu, na uzipokee kwa mikono miwili maana ni nzito. U hali gani huko uliko? Mwenzako hajambo? Na yule mdogo ameshaota meno, au bado anacheka kwa ufizi kama wazee wa kamati yangu? Kile kifua chako kilichokuwa kinakubana mwaka jana kimepoa? Nijibu yote hayo, usiruke hata moja. Wewe una tabia ya kuandika “sote wazima” halafu unaendelea na mambo mengine.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mimi mwenyewe nina afya ya kutisha watu. Juzi nimebeba mifuko miwili ya saruji, mmoja kila kwapa, kutoka barabarani mpaka nyuma ya nyumba, na njiani nikawa napiga mluzi. Mkaza mjomba wako anasema ulikuwa mfuko mmoja na nilipumzika mara tatu. Lakini yeye alikuwa ndani anashona, aliona nini?

Bibi yako ni mzima. Nakwambia mapema ili usome barua hii roho ikiwa imetulia.

Barua yako niliipata. Nimeisoma mara nne, na mara ya nne nilivua kofia. Umeniandikia kwamba bibi si kabati la kuhamishiwa stoo. Umenieleza juu ya hapo unapofanya kazi ya kuhudumia wazee, jinsi wanavyopangwa kwenye korido kila mmoja anatazama ukuta, na mwingine anakuita kwa jina la binti yake kwa sababu binti mwenyewe haji. Ukamaliza kwa kusema, “Mjomba, nakuomba, usimpeleke bibi kwenye makazi ya wazee.” Maneno hayo yaliniingia kama msumari wa inchi nne. Sikukujibu haraka kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa ninalo. Weka chai yako karibu, vua viatu, usome.

Unakumbuka kiwanda cha mbao? Pale alipofanya kazi babu yako, mwisho wa barabara ya vumbi, kabla mji haujatufuata huku pembezoni. Ulikuwa unampelekea chakula cha mchana kwenye kile kikopo cha bluu chenye mfuniko uliolegea, unarudi nywele zote zimejaa unga wa mbao. Bibi yako anakusimamisha mlangoni anakuambia, “Huyu ameshajipaka unga, leteni mafuta tumkaange!” Nawe unakimbia huku unapiga kelele, na kila siku ulikuwa unaamini. Harufu ile ya mbao mbichi mpaka leo nikipita kwa seremala nasimama kidogo, najifanya nafunga kamba ya kiatu.

Kiwanda kilifungwa, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba mashine zimeuzwa, bati zimeezuliwa, na kilichobaki ni kiwanja kitupu kilichosawazika kama meza. Baraza la mji wetu limeamua kujenga hapo makazi ya wazee. Vyumba thelathini, kila kimoja na choo chake na kijiko chake, maana yake jiko dogo. Hakuna ghorofa, hakuna ngazi hata moja. Kodi haitazidi theluthi ya anachopata mtu, awe na pensheni au awe anatumiwa na watoto. Katikati kuna jiko kubwa la chakula cha mchana kwa anayetaka, chumba cha muuguzi atakayekuja mara tatu kwa wiki, na mahali pa kufulia. Kila chumba kina kengele ya kuvuta. Na kutoka hapo mpaka sokoni ni hatua mia mbili na kumi. Nimezihesabu mimi.

Utauliza mimi nimeingiaje humo. Ukweli ni kwamba walinisihi. Walikaa siku tatu wakiulizana, “Fundi gani anajua kila ukuta wa mji huu?” Jibu likawa moja tu. Mkaza mjomba wako atakuambia nilikwenda kuziba ufa wa ofisi ya baraza, nikasikia wanazungumza, nikashuka kwenye ngazi na mwiko mkononi nikaanza kuwakosoa mpaka bwana afisa wa mipango akasema, “Basi kaa, Mzee Futikamba, tukuandike mjumbe.” Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Kamati ni ya watu tisa na mimi ndiye pekee mwenye saruji chini ya kucha.

Tatizo lilikuwa bibi yako. Mara tatu nilimwambia aandikishe jina, mara tatu alinijibu neno lile lile, huku anapembua mchele wala hainui macho: “Humu nitatoka nimelala, ninyi mmesimama.” Na orodha ya vyumba ilikuwa inafungwa mwisho wa mwezi wa nane. Waliojiandikisha walikuwa wameshapita ishirini.

Sasa hapa mpwa wangu lazima nikuambie jambo nililokuficha. Nilikuandikia mwezi wa tatu kwamba bibi aliteleza kidogo ngazini akachubuka kiwiko. Kuchubuka ni kweli. “Kidogo” si kweli. Aliteleza saa mbili asubuhi, kwenye ngazi ya kumi na mbili, akaporomoka mpaka chini. Mimi nilifika saa tisa alasiri.

Ukihesabu ni saa saba. Mimi nimezihesabu mara nyingi kuliko ningependa.

Alikuwa ameketi sakafuni hapa jikoni, karibu na mahali ninapokuandikia, mgongo ameuegemeza kwenye gunia la mkaa, mguu umevimba kama mkate. Alikuwa amejikokota mpaka kwenye kigoda chake lakini hakuweza kukipanda, basi alikikumbatia tu. Aliita. Jirani wa upande huu amejenga ukuta mrefu kuliko paa lake. Jirani wa upande wa pili anatoka alfajiri na kurudi giza likiingia. Unakumbuka zamani mtu akipiga chafya jikoni kwetu, nyumba tatu zinamwambia apone? Siku hizi nyumba zimegeuziana migongo. Nilipoingia bibi yako alinitazama akasema, “Umechelewa, chai imepoa.” Halafu akaniomba nisikuandikie. Nikamtii yeye, nikakukosea wewe. Nisamehe.

Tangu siku hiyo mimi na mkaza mjomba wako tumehamia hapa, lakini mchana wote mimi niko kazini na yeye yuko kwenye kibanda chake cha kushona. Tulimtandikia bibi sebuleni ili asipande. Akapanda. Nikafunga kamba kwenye ngazi. Akairuka! Miaka sabini na minane, anaruka kamba kama wasichana wa shule. Haya, labda aliipita kwa chini. Lakini asubuhi tulimkuta juu, kitandani kwake, anatutazama kama mshindi.

Nami namwelewa. Zile ngazi kumi na tisa alizijenga babu yako kwa mkono wake. Hakuna mbili zinazolingana. Ya nne ni fupi, ya tisa inacheza, na ya mwisho inakushusha jikoni katikati, pua yako kwenye sufuria. Wageni wote walishangaa: nyumba gani hii ngazi zake zinaanzia jikoni? Na babu yako aliwajibu wote kwa kidole juu, “Ili kwangu mtu asipande kulala na njaa.” Mimi nimelirudia neno hilo kwa kila mtu niliyewahi kumjengea. Wewe ulikuwa unateleza juu ya ngazi hizo umekalia kanga ya bibi, unatua karibu na jiko, unapewa kofi dogo na kipande cha muhogo, kwa mkono ule ule mmoja.

Turudi kwenye kamati. Aliyechora ramani ni msichana mmoja mwenye miwani, tunamwita Binti Ramani, mwenye adabu na kichwa chake kimejaa hesabu. Alibandika michoro ukutani kwenye ukumbi, akawaalika wazee waje watoe maoni. Wazee wakatazama. Wakatikisa vichwa kama kuku wanaokunywa maji. Binti akauliza, “Mna maoni?” Mwishowe Fundi Saa, yule jirani yetu wa zamani aliyekuwa akitengeneza saa karibu na posta, akanyoosha kidole: “Mwanangu, hizi njia za siafu ni za nini?” Kumbe hizo ndizo kuta.

Nikasimama. Nikasema, “Binti, wazee hawasomi nyumba kwa macho. Wanaisoma kwa miguu. Nipeni chokaa, Jumamosi nitawachorea nyumba nzima pale kiwanjani, kwa ukubwa wake, kila mtu aingie chumbani kwake.” Ukumbi wote ulipiga makofi, wengine wakalia. Bwana afisa alibaki mdomo wazi.

Siri yako na yangu: mimi mwenyewe nilikuwa sioni kuta. Unajua shule niliacha darasa la nne, mwalimu akasema tusisumbuane. Miaka thelathini nimejenga kwa kuambiwa, “Fundi, hatua nne kwa tatu, mlango huku.” Karatasi hunichanganya. Lakini ulimi ulikuwa umeshatoka, na ulimi si futikamba, hauvutiki ukarudi.

Basi Ijumaa Binti akanipa karatasi mbili kubwa: moja safu ya mbele, moja safu ya nyuma. Kabla jua halijatoka Jumamosi nilikuwa kiwanjani na mifuko sita ya chokaa, kamba na vigingi. Nilifanya kazi kama watu wanane. Mistari ilinyooka mpaka sisimizi wakapanga foleni juu yake. Vyumba kumi na tano huku, kumi na tano kule, jiko kubwa pembeni, chumba cha muuguzi, na vijia katikati. Kila mlango niliuacha wazi kwenye chokaa ili watu wapite.

Saa tatu wazee wakaanza kufika, kila mmoja na kiti chake kama tulivyowaagiza. Bibi yako alikuja. Alisema haji kwa ajili ya chumba, anakuja kuona mwanawe anavyopoteza chokaa. Kwapani alikuwa na kigoda chake, kile kile.

Mpwa wangu, laiti ungekuwepo! Wazee wazima wanabisha hodi hewani. Yule mama aliyekuwa mkunga amekataa kuingia mpaka aambiwe karibu. Mzee mmoja mwenye kiti cha magurudumu akajaribu kuingia chooni kwake, gurudumu likavuka chokaa, muuguzi aliye kwenye kamati yetu akasema, “Hapo umevunja ukuta, baba,” ikabidi niupanue mlango palepale, na baada yake milango yote ishirini na tisa. Bibi yako akakatiza moja kwa moja kwenye safu. Fundi Saa akapiga yowe:

“Mama! Umepita ukutani!”

“Kuta zenu fupi,” bibi akasema. “Mimi nimezoea kuruka.”

Akafika chumba cha saba, akaweka kigoda mlangoni, akaketi. Hakuchagua, alichoka tu hapo. Fundi Saa alikuwa ameketi mlangoni kwa chumba cha upande wa pili, hatua kumi na moja kutoka kwake, wanatazamana.

“Jirani,” Fundi Saa akaita, “leo hujafagia.”

“Nami nakuona umetoka bila kuchana nywele.”

“Nywele zipi?”

“Ndizo ninazouliza.”

Wakacheka mpaka mkunga naye akageuza kiti. Mara nikaona milango yote inasemezana. Huyu anauliza chumvi, yule anaomba gazeti. Sijasikia kelele kama ile tangu mtaa wetu wa zamani, kabla ya kuta ndefu, wakati kuazima kijiko kulichukua asubuhi nzima.

Binti Ramani akashuka kwenye basi saa nne. Alisimama ukingoni mwa kiwanja, akatazama chokaa, akatazama karatasi, akatazama chokaa. Akanivuta pembeni kwa adabu zake zote.

“Mjomba,” akaninong'oneza, “karatasi ya kwanza umeishika miguu juu. Safu hii ilitakiwa itazame barabarani, na ile ya nyuma itazame mgongo wa hii. Umeigeuza.”

Jasho lilinitoka mpaka likafuta chokaa chini ya miguu yangu. Nikamwambia, “Najua.” Sikuwa najua, mpwa wangu. Nilikuwa natafuta pa kujificha, na nyumba ya chokaa haina pembe.

Kabla hajasema lingine tukamsikia bibi yako. Hakuwa anatania tena. Alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili, anauliza kwenda upande wa pili:

“Na siku nisipofungua mlango?”

“Nitakuja kuuvunja,” Fundi Saa akasema.

“Saa ngapi?”

“Saa mbili kamili.”

“Kwa saa yako au kwa saa ya watu?”

Kiwanja kizima kikaangua kicheko, maana saa ya Fundi Saa imesimama tangu alipostaafu na bado anaivaa. Bibi yako hakucheka. Alikuwa anaitazama ile nafasi ya mlango kwenye chokaa, na mlango wa pili, na nafasi kati yao. Mimi nilijua anahesabu nini. Alikuwa anahesabu kutoka saa mbili mpaka saa tisa.

Binti Ramani hakujua habari ya ngazi, lakini alisikia sauti ile. Alikunja karatasi yake taratibu. Akasema, “Mjomba, usifute kitu. Jumatatu asubuhi nakuja na mpimaji, tunachukua vipimo hivi hivi vilivyo chini, pamoja na milango yote mipana.” Kisha akaenda kumweleza bwana afisa kwamba milango ikitazamana, kila mzee ana mlinzi asiyelipwa. Bwana afisa akauliza wazo ni la nani. Nikakohoa. Nikasema mambo kama hayo hujia fundi mwenyewe baada ya miaka mingi. Wamenipigia makofi, sikuyakataa.

Jioni nikamrudisha bibi yako nyumbani, tunatembea mwendo wake. Tulipofika kwenye ule mfereji unaoujua akasema tu, bila kunitazama:

“Karatasi uliishika miguu juu.”

“Nani kakwambia?”

“Baba yako.”

Nikasimama. Baba ana miaka kumi na sita kaburini.

“Unadhani kwa nini ngazi zetu zinaanzia jikoni?” akasema. “Alipewa mchoro na bwana wa kiwandani. Mimi nilikuwa nimemshikia taa. Nikaona herufi zimesimama kwa vichwa.”

“Mbona hukumwambia?”

“Alikuwa ameshachimba msingi.” Akatembea hatua tatu nne. “Na alikuwa anaimba.”

Miaka arobaini na sita, mpwa wangu! Miaka arobaini na sita amelisikia lile neno la kutolala na njaa, kwa baba na kisha kwangu, naye anamimina chai tu. Mimi nikalibeba neno lile nikaliuza mji mzima. Nilicheka hapo mferejini mpaka nikaketi chini, na nilipomaliza kucheka nikakuta siwezi kusimama, kwa sababu nyingine. Bibi yako akanisubiri. Akasema, “Inuka, Futikamba. Ninyi wanaume wa nyumba hii mnakosea vizuri.”

Lakini juu ya jina lake kwenye orodha hakusema kitu. Nami safari hii sikuuliza.

Usiku ukapita. Jumapili ikanyesha mvua, si ya mchezo, mvua ya kuosha mji. Nilikuwa nimesimama dirishani naiona chokaa yangu akilini inakwenda na maji, mifuko sita yote, nikakumbuka jambo. Nikapanda juu.

“Mama, kigoda chako tumekisahau kiwanjani. Ngoja nikimbie nikakilete, kitaoza.”

Alikuwa anakunja nguo, anaziweka mafungu mawili. Akasema, “Nani amesahau? Kiache. Mtu akikikuta hapo atajua pana mwenyewe.”

Nikashuka ngazi zote kumi na tisa bila kuzihesabu. Mkaza mjomba wako akaniuliza nalia nini, nikamwambia ni vitunguu. Hatukuwa na vitunguu.

Jumatatu asubuhi nikawakuta Binti Ramani na mpimaji wamesimama kiwanjani kama waliofiwa. Mvua imesafisha kila kitu. Vigingi navyo, watu wamekwenda kuwashia moto. Hakuna karatasi yoyote duniani iliyokuwa na ile nyumba iliyogeuzwa. Hakuna alama, hakuna mstari, kiwanja cheupe kimekuwa cheusi. Katikati yake kitu kimoja tu: kigoda cha bibi yako, kimelowa, kimekaa pale pale mlangoni kwa chumba cha saba. Hakikusogea hata unene wa ukucha. Na hapa sitii chumvi, mwulize Binti.

Nikaenda nikasimama nyuma yake. Nikasema, “Andika. Kigoda kipo kizingitini. Kulia hatua nne, ukuta. Mbele hatua kumi na moja, mlango wa Fundi Saa.” Nikatembea, mpimaji akanifuata na kamba yake, Binti akaandika. Kutoka chumba cha saba tukapata cha sita na cha nane, kutoka hivyo vikaja vyote, kuta, vijia, jiko, chumba cha muuguzi. Kufikia saa sita nyumba nzima ilikuwa imerudi. Mpimaji akaniambia vipimo vyangu vya miguu vimepishana na kamba yake kwa vidole viwili tu. Nikamwambia kamba yake imevutika.

Unajua kigoda kile kilikotoka? Babu yako alikitengeneza kwa vipande vya mbao vilivyobaki, mwezi wao wa kwanza wa ndoa, hapo hapo kiwandani, wakati wa mapumziko ya mchana. Bibi yako ndiye aliyenikumbusha. Alisema kimekwenda kwao.

Siku tatu kabla ya orodha kufungwa alivaa kanga yake ya kutokea, akaniambia nitangulie ofisini nisimshike mkono. Akaandika jina lake mwenyewe, herufi moja moja, kwa muda mrefu hivi kwamba foleni nyuma yake ikaketi chini. Chumba namba saba. Bwana afisa akamuuliza kama ana ombi lolote. Akasema, “Msiweke pazia zito mlangoni kwa yule wa mbele.”

Kwa hiyo mpwa wangu, jibu langu ndilo hilo. Sijampeleka mtu stoo. Amekwenda kwa miguu yake, ameketi, akaacha kitu chake. Msingi unachimbwa mwezi ujao na mimi ndiye msimamizi wa waashi, jambo ambalo halikumshangaza mtu yeyote. Wakimaliza kabla ya mwaka kwisha, hiyo ni kwa sababu yangu. Wakichelewa, ni mvua. Na kila jambo zuri unalolijua la kuwatunza wazee, na kila baya uliloliona huko usingependa litufikie, liandike ulete. Nitalisoma mbele ya kamati, na nitasema limetoka kwa mpwa wangu. Hilo sitalichukua.

Nyumba hii ya ngazi tutabaki nayo mimi na mkaza mjomba wako. Nimekaa hapa jikoni nakuandikia. Chini karibu na jiko, pale kigoda kilipokaa miaka yote, kuna vishimo vinne vidogo kwenye sakafu. Mkaza mjomba wako ananiambia mimi ni fundi, nivizibe. Namwambia kesho.

Bibi yako anakusalimu sana. Anasema ukija, usije huku kupanda ngazi za watu. Nenda kiwanda cha mbao kama zamani, bisha namba saba, na akikukawilia usihofu, Fundi Saa atakuwa ameshakuona. Anasema pia uje na mtoto, amtazame kama naye ana unga kichwani. Mkaza mjomba wako anakusalimu, amekushonea kitu ila amenikataza kusema ni gauni. Fundi Saa anakusalimu na anauliza huko kwenu ni saa ngapi, ajue kama yake imekaribia. Msalimie mwenzako, mbusu mdogo kwenye ufizi.

Mungu akulinde uendako na urudiko, akujalie kila asubuhi jirani wa kukuuliza umeamkaje, na siku zako zisikukute umeelekea ukutani.

Ni mimi mjomba wako akupendaye bila kipimo,

Futikamba.